Makaburu wa Uasin Gishu na Kijiji cha Sitini na Nne

Katika Kiswahili cha Tanganyika neno Mdachi halikuwa na maana ya mtu wa Uholanzi. Mdachi alikuwa Mjerumani, na "wakati wa Wadachi" ulikuwa ule uliokwisha kwa vita vya 1914-1918. Mtu wa Uholanzi huitwa Mholanzi. Na yule mwenye asili ya Kiholanzi ambaye wazee wake walikaa Afrika ya Kusini kwa vizazi vingi ana jina lake peke yake, Kaburu. Yafaa mwenye kuchunguza habari za kale azitenge maana hizi tatu tangu mwanzo. Waingereza wa Kenya na Tanganyika, katika barua na taarifa zao, aghalabu waliwaita Makaburu kwa jina lile lile walilowaita Waholanzi wa Ulaya. Na mfasiri mwenye haraka, akiliona jina hilo, aweza kuwaweka Wajerumani mahali ambapo hawakupata kukanyaga.

Jina Kaburu lenyewe lastahili kutazamwa kidogo. Hapana shaka kwamba ndani yake limo neno la Kiholanzi Boer, ambalo maana yake ni mkulima tu, wala si zaidi. Wasotho na Watswana, waliokaa jirani na watu hao muda mrefu kuliko sisi, husema Leburu kwa mtu mmoja na Maburu kwa wengi. Silabi ya kwanza katika neno letu ndiyo yenye mashaka. Wako wanaoiona kuwa ni ka- ya kudunisha, kana kwamba mtu huyo alidharauliwa kwa jina tangu siku ya kwanza. Mimi sioni sababu ya kukubali hivyo. Wingi wake ni Makaburu, na ka- haibadiliki wala haiondoki. Basi kwa msemaji wa Kiswahili silabi hiyo ni sehemu ya shina, na neno limeingia katika safu ya karani na makarani, daktari na madaktari, yaani majina ya kigeni ya watu wenye kazi fulani. Dharau ilikuja baadaye, na ilikuja kwa njia ya siasa. Katika miaka ya 1960 hata 1990, msikilizaji wa redio katika Tanzania aliposikia "makaburu" hakufikiri habari za plau na ngano. Alifikiri habari za serikali ya Pretoria na ubaguzi wake. Neno ambalo asili yake ni mkulima likawa jina la mdhalimu. Makala haya yahusu wakati ule wa kwanza, Makaburu walipokuwa wakulima katika nchi zetu, na kijiji kimoja walichokiacha.

Wazee wa watu hao walianza kukaa Rasi ya Tumaini Jema katika mwaka wa 1652, kampuni ya Kiholanzi ya biashara ya Mashariki ilipoweka kituo huko kwa ajili ya merikebu zake. Katika miaka ya 1830 wengi wao waliondoka Rasi wakaenda bara kwa magari ya kukokotwa na maksai, wakikimbia utawala wa Kiingereza, nao wakaanzisha dola zao. Dola hizo zilivunjwa katika vita vya 1899-1902. Jeshi la Kiingereza lilichoma mashamba, likakusanya wanawake na watoto katika kambi, na humo wakafa zaidi ya 20,000. Waafrika nao walitiwa katika kambi zao mbali, wakafa kwa maelfu, ijapokuwa vitabu vingi vya zamani havikuwataja. Amani ilipotiwa sahihi mwezi wa Mei, 1902, palikuwa na Makaburu ambao hawakutaka kuishi chini ya bendera ya aliyewashinda.

Hao ndio waliotazama kaskazini. Wengine walikwenda kwa Wajerumani, na kuanzia miaka ya 1904 na 1905 wakapewa ardhi upande wa kaskazini wa Mlima Meru, kutoka Ol Donyo Sambu kuelekea Engare Nanyuki. Wengi hawakudumu huko. Wajerumani walikuwa na sheria zao na masharti yao, na mtu aliyemkimbia bwana mmoja hapendi kusomewa amri na bwana wa pili. Baadhi yao wakavuka mpaka, wakaingia katika nchi ya Waingereza wale wale waliowachomea nyumba. Jambo hili huonekana kama kinyume, walakini lina sababu nyepesi: Waingereza walikuwa na ardhi ya kugawa, na ardhi ndiyo iliyokuwa haja yao.

Ardhi hiyo ilikuwa uwanda wa Uasin Gishu. Jina ni la Wamaasai wa tawi lililoukalia uwanda huo mpaka vita vya Wamaasai wenyewe kwa wenyewe, katika karne ya 19, vikawatawanya. Kabla yao walikuwako Wasirikwa, ambao mashimo yao ya kulazia ng'ombe yaonekana mpaka leo katika nchi hiyo. Baada ya Wamaasai, Wanandi walilisha huko. Serikali ya Kiingereza iliona majani marefu na nyumba chache, ikasema nchi ni tupu. Kwanza, mwaka 1903, Joseph Chamberlain aliwapa Wayahudi wa chama cha Kizayuni nafasi ya kukaa huko. Wao wakatuma watu kuitazama, na mkutano wao wa Basel wa mwaka 1905 ukaikataa. Mwaka huo huo, tarehe 19 Oktoba, Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi waliopigana na Waingereza kwa miaka kumi, aliuawa alipokwenda kukutana na Richard Meinertzhagen kwa mazungumzo ya amani. Baada ya kifo chake Wanandi walisukumwa katika eneo walilotengewa. Basi utupu wa Uasin Gishu ulikuwa ni kitu kilichofanywa kwa mikono, na ulipokwisha kufanywa, Makaburu walikuwa njiani. Watu waliochomewa mashamba yao na jeshi la Mfalme wakapewa malisho ya watu wengine waliopigwa na jeshi hilo hilo.

Wachache wa ukoo wa van Breda walikuwa wametangulia. Msafara mkubwa ulikuja mwaka 1908, chini ya uongozi wa Jan van Rensburg: familia karibu 50, watu zaidi ya 200, pamoja na farasi, magari na vyombo vya kulimia. Walipanda meli ya Kijerumani iitwayo Windhuk katika bandari ya Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo, wakashuka Mombasa, wakachukuliwa kwa gari la moshi mpaka Nakuru. Huko waliyaunga tena magari yao, wakatafuta maksai wa kuyakokota, wakapanda mlima. Njia ilipita Eldama Ravine, kisha katika misitu na mianzi ambamo mvua haikukatika na magurudumu yalizama matopeni mpaka kwenye ekseli. Mahali pengine iliwapasa kukata miti na kuitandika chini ili gari lipite. Walifika Sergoit katika mwezi wa Oktoba, na safari ambayo mtu leo huimaliza kwa saa chache iliwachukua wiki nyingi.

Je, walichokijenga huko kilikuwa kijiji? Kwa maana yetu, sivyo. Kila familia ilichukua shamba la maelfu ya ekari, na kwa Kaburu ilikuwa fahari kutouona moshi wa jirani. Mashamba yalikuwa yamepimwa juu ya karatasi, kila moja na nambari yake, na mwenye kulipata alipewa hati ya kupanga kwa Serikali kwa miaka 99; sheria ya 1915 ikaifanya miaka 999. Shamba moja, nambari 64, alilopewa mlowezi wa ukoo wa van Aardt, lilikuwa baya kwa kilimo, kwa hiyo Serikali ikalichukua liwe mahali pa mji. Posta ilifunguliwa hapo mwaka 1910. Mwaka 1912 Gavana Percy Girouard akapatangaza kuwa Eldoret, jina lililotokana na neno la Kimaasai la mto wenye mawe, likatiwa mwisho wa Kinandi. Gavana huyu, twakumbuka, ndiye aliyesimamia reli za jeshi la Kiingereza katika vita vya Afrika ya Kusini. Waliokuwa wakizivunja reli zake sasa walipanga foleni mbele ya posta yake.

Lakini watu hawakupaita Eldoret. Walipaita Sitini na Nne, na Wanandi wakapaita Sisibo. Hapa mwanafunzi wa lugha anaona kazi nzuri. Kinandi hakina sauti ya f, na p yake ikiwa kati ya irabu husikika kama b. Basi maneno ya Kiingereza ya nambari hiyo, yakipita katika kinywa cha Mnandi, hayana budi kutoka hivyo. Wako wasemao kwamba 64 ilikuwa hesabu ya maili kutoka kituo cha reli. Mimi nalichagua lile la nambari ya shamba, kwa kuwa posta ilisimama juu ya shamba hilo hilo, na kwa kuwa katika nchi ile kila mahali palijulikana kwa nambari kabla ya kujulikana kwa jina. Pia husimuliwa kwamba Benki ya Standard ilipokuja mwaka 1912, sanduku lake la chuma liliangushwa kutoka garini, likawa zito mno kuinuliwa, na nyumba ya benki ikajengwa kulizunguka. Ikiwa kweli au si kweli, hadithi hii yafanana na mji wenyewe: ulisimama pale ambapo mzigo ulianguka.

Habari ya nambari si ndogo, na msomaji wa upande wetu wa Ziwa aweza kuipima kwa kulinganisha. Masumbwe, ambayo tangu 2012 imo katika Mkoa wa Geita na zamani ilikuwa ya Shinyanga, ni nchi iliyopokea wahamiaji wengi vile vile. Wasukuma waliingia Geita na pande za Usumbwa pamoja na ng'ombe wao, hasa kuanzia miaka ya 1940, ardhi ya kwao ilipochoka na vichaka vya mbung'o vilipofyekwa. Serikali nayo, kwa mpango wake wa maendeleo ya Usukuma wa 1947-1956, ilihimiza uhamaji huo. Kwa nje mambo hufanana: watu, mifugo, njia ndefu, nchi mpya. Tofauti ni hii. Msukuma aliyefika mahali alimwendea ng'wanangwa, akajitaja yeye ni nani na ametoka wapi, akaonyeshwa pa kulima. Alipata ardhi kwa mtu, na kwa sababu hiyo akaingia katika deni la ujirani: kulimiana, kuzikana, kusikilizwa shauri lake. Kaburu alipata ardhi kwa karatasi, kutoka kwa mpima aliyekuwa amekwisha kuondoka. Hakuna mwenyeji aliyemwonyesha mpaka, na hakuna mwenyeji aliyemdai chochote ila kama mtumishi. Sisemi kwamba njia ya Kisukuma haikuwa na ugomvi. Ugomvi ulikuwako, na wenyeji wa Usumbwa wanaweza kuueleza. Nasema kwamba ugomvi ule ulikuwa na baraza la kuupeleka.

Kilichowafanya Makaburu wa Uasin Gishu kuwa jumuiya moja kilikuwa kanisa. Mwaka 1909 walianzisha usharika wao wa kanisa la Kiholanzi la Matengenezo, wakauita Vergenoeg. Jina hili ni la kawaida katika mashamba ya Afrika ya Kusini, na tafsiri yake ni "mbali ya kutosha". Watu walioondoka Rasi, wakaondoka Transvaal na Dola Huru, na wengine wakaondoka Meru, walisema sasa imetosha. Mara chache kwa mwaka, kwa ajili ya Meza ya Bwana ambayo wao huiita Nagmaal, familia zote zilifunga maksai zikaja kutoka mashambani. Magari yalipangwa kuzunguka kanisa, mahema yakapigwa, na kwa siku kadhaa watu ambao hawakuonana kwa miezi walibatiza watoto, walioza vijana, walinunua na kuuza farasi, walipatana na waligombana. Hapo ndipo kijiji kilipokuwapo. Jumatatu kilifungwa magari kikatawanyika, na nyasi zikabaki zimelala.

Katika mikutano hiyo lugha mbili zilisikika, na watazamaji wengi wamezichanganya. Mhubiri alisoma Biblia ya Kiholanzi cha Ulaya, ile iliyotafsiriwa mwaka 1637. Nyumbani watu walisema Kiafrikana, lugha iliyokulia Rasi vinywani mwa wakulima, watumwa na Wakhoikhoi, ambayo ilipata cheo cha lugha ya serikali huko kwao mwaka 1925 na Biblia yake kamili mwaka 1933. Ofisini na shuleni Serikali ya Kenya ilitaka Kiingereza, na jambo hilo liliwauma wazee sana, kwa kuwa waliona watoto wao wakirudi nyumbani na lugha ya aliyewashinda. Kwa watumishi walitumia Kiswahili kile kilichokuja kuitwa Kisetla, kisicho na upatanisho wa ngeli na ambacho vitenzi vyake karibu vyote ni vya kuamuru. Kwa hiyo mtu mmoja aliomba kwa lugha moja, akala kwa lugha ya pili, akalipa kodi kwa lugha ya tatu, akaamuru kwa lugha ya nne. Kati ya hizo nne, ile ya kuamuru ndiyo pekee aliyoshiriki na watu waliomzunguka. Mtu akiniuliza kwa nini jumuiya hii haikuota mizizi, ningeanza kumjibu hapo.

Maana hawakuwa peke yao katika mashamba hayo. Wanandi na Wakeiyo walirudi katika uwanda ambao ng'ombe wao waliujua, sasa kama maskwota. Mwenye shamba hakuwa na fedha za mishahara, bali alikuwa na malisho asiyoweza kuyatumia yote. Skwota alikuwa na ng'ombe na hakuwa na malisho. Kwa muda mapatano hayo yaliwafaa wote wawili, na kwa kweli Makaburu maskini, waliokuwa wengi, wasingaliweza kulima bila hayo. Sheria ya 1918 ikaweka kwamba skwota sharti afanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka; sheria ya 1937 ikazidi kukaza. Mifugo ya maskwota ikapunguzwa kwa nguvu. Katika mashamba ya Nakuru na Naivasha, katika miaka ya 1920, kufukuzwa kwa mifugo hiyo kulipata jina la kifagio, na sijui neno la Kiswahili lililosema zaidi kwa herufi chache hivyo.

Katika kazi, Makaburu walikuwa mafundi wa maksai. Walilima mashamba ya Waingereza kwa ujira, wakachukua mizigo kwa magari kati ya reli na uwanda, na ngano na mahindi ya Uasin Gishu yalianza kwa plau zao. Reli ilipofika Eldoret mwaka 1924, kazi ya magari ikafa. Walioitegemea walibaki na shamba tu, na wengi wao na deni juu ya shamba. Waingereza wenye mtaji walikuwa wakiwacheka kwa umaskini wao na kwa makubazi yao. Dharau hiyo iliwakaza zaidi kanisani.

Upande wa Tanganyika mambo yalikwenda vingine, ingawa nambari zilikuwa zile zile. Mwezi wa Novemba, 1951, Wameru wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki, katika mashamba nambari 31 na 328, ili walowezi wa Kizungu wapate eneo moja lisilokatwa na ardhi ya Waafrika. Nyumba zilichomwa. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alikwenda New York, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa akaeleza kwa niaba ya Wameru. Hakurudishiwa ardhi kwa safari hiyo, lakini nambari mbili za mpima zikawa habari ya dunia, na Tanganyika nzima ikajifunza kwamba karatasi yaweza kujibiwa.

Makaburu wa Uasin Gishu walisoma alama hizo. Mkutano wa Lancaster House wa 1960 uliposema wazi kwamba Kenya itatawaliwa na wengi, na habari za Kongo zilipofika mwaka huo huo, walianza kuuza. Hati ya miaka 999 ilikuwa imetumika chini ya 50. Wengi wao walikwisha kuondoka kufikia uhuru wa Desemba, 1963, au muda mfupi baada yake, wengine kwa barabara, wakipita Tanganyika kuelekea kusini kwa malori na mabehewa, njia ambayo baba zao hawakuifuata walipokuja. Walirudi katika nchi ambayo wengi wa vijana wao hawakuzaliwa humo. Vergenoeg haikuwa mbali ya kutosha, ama pengine ilikuwa mbali mno.

Kitu kimoja hakikufungwa garini. Mwaka 1944 kanisa la Makaburu lilikuwa limeanza kazi ya injili kati ya watumishi wa mashamba. Walipoondoka, kazi hiyo ilishikwa na wamisionari kutoka Uholanzi yenyewe, ikawa Kanisa la Matengenezo la Afrika Mashariki, lenye makao yake Eldoret. Basi Waholanzi halisi walifika katika uwanda huo baada ya wale walioitwa Waholanzi kuondoka, nao walikuta usharika wa Waafrika. Katika kanisa hilo Kiswahili, kilichokuwa lugha ya kuamuriwa, ni lugha ya kuhubiri na kuomba.

Shamba nambari 64 likawa mji wa viwanda, wa chuo kikuu na wa wakimbiaji wenye sifa duniani, na mwezi wa Agosti, 2024, likapewa hati ya kuwa jiji. Hati hiyo imeandikwa Eldoret. Katika matatu, mtu mzima wa Kinandi akiulizwa aendako, bado husema Sisibo.